Siku ya Ishirini na Mbili

Katika daftari la Kapita Mukalayi
mimi ni wanawake watatu.

Mwezi wa tatu naitwa Numbi, jina alilonipa bibi.
Mwezi wa nne ni Kapya, mkazi wa Katuba.
Mwezi wa tano kapita kaishiwa majina,
kanitazama viatu, kaandika: Mwadi,
na mwaka wa kuzaliwa wa mtu nisiyemjua.

Wote watatu tunashona magunia ya chokaa
kuanzia saa kumi na mbili, king'ora kikilia.
Wote tunakula bukari ileile, tumesimama.
Wote ni wajane wa Kabange mmoja,
na Kabange, maskini,
aliniona mzigo nikiwa mmoja tu.

Sikujua kwa nini.
Nilidhani ni mzaha wa kapita, au uchawi wa karani.
Siku ya ishirini na moja hunitazama
kama mtu anayetazama maziwa jikoni
yakianza kupanda mdomoni mwa sufuria.
"Kapumzike, mama. Jumatatu njoo na jina jingine."

Kijana wa fotokopi, pale karibu na Posta,
ndiye aliyenisomea ibara.
Iko kwa Kifaransa. Aliitafsiri huku akitafuna karanga:
kibarua wa kutwa akitimiza siku ishirini na mbili
ndani ya miezi miwili, kisha akaitwa tena kazini,
huyo si wa kutwa tena.
Ana mkataba, hata kama hakuna aliyeuandika.
Hafukuzwi kwa kunyooshewa kidole langoni.
"Soma tena hapo," nikamwambia.
Akasoma mara nne. Akanidai faranga mia mbili za karatasi
na hakunidai chochote kwa sauti yake.

Siku moja, basi.
Walininyima siku moja tu, mara tatu.

Ofisini kwa mkaguzi wa kazi kuna benchi fupi.
Wakili wa kiwanda alikuja na kalamu mbili mfukoni.
"Numbi, siku ishirini na moja. Kapya, ishirini na moja.
Mwadi, ishirini na moja. Sheria imeheshimiwa.
Na hao wengine wawili wako wapi leo?"
Nikamwambia: wamekaa hapa, benchi ndiyo fupi.

Mkaguzi, Madamu Kaseka, hakucheka.
Akafungua daftari kwenye kurasa za malipo,
pale tunapobonyeza dole gumba kwa wino.
Wakili akatabasamu. Anakijua kiwanda chake:
chokaa hula mistari ya vidole,
mwaka mmoja tu, dole lako laini kama sabuni.
Hapo palikuwa na madoa matatu ya wino, basi.

Lakini siku yangu ya tatu kazini
sindano ya magunia iliingia hapa, ikatokea hapa.
Hawakunipeleka zahanati. Walisema wa kutwa hana dawa.
Nilifunga kidonda kwa uzi uleule wa gunia
nikarudi kwenye foleni yangu kabla ya saa sita.

Kovu lile, katika doa la Numbi,
linakata wino kama reli iendayo Sakania.
Katika doa la Kapya, reli ileile.
Katika doa la Mwadi, ileile, na kona yake.

Madamu Kaseka alipima kwa rula. Alipima tena.
Wakili akaomba muda, akapewa wiki mbili.
Sijui wiki mbili zitaleta nini.
Watu wa bahasha nao wana miguu,
na mtoto wa tatu anadaiwa ada.

Kisha mkaguzi akavuta fomu mpya, tupu,
akaniuliza jina. Nikasema moja.
"Dole hapa. Lakini nawa kwanza, mama,
bado una unga mweupe."

Nikaenda bombani.
Sisi wa tanuru tunajua, hatuhitaji kusomewa:
chokaa mbichi ikiguswa na maji
haitulii.